Makundi Madogo ya Muziki wa Nyuzi

Wengi wetu hapa Kigoma na Ujiji tumezoea ngoma, na siku hizi vipaza sauti. Tukisikia habari za muziki wa nyuzi husema, "Hayo ni mambo ya Wazungu wenye fedha." Napenda kueleza kwa nini sivyo.

Uzi peke yake una sauti ndogo. Kwa hiyo hufungwa juu ya kitu kilicho wazi ndani, kama sanduku au kibuyu, nacho huikuza sauti. Uzi mrefu au uliolegea hutoa sauti nene. Ukifupishwa au ukikazwa, sauti huwa nyembamba. Fidla hupigwa kwa upinde wenye singa za mkia wa farasi, zilizopakwa utomvu mkavu ili ziushike uzi.

Huko Ulaya kundi lijulikanalo sana ni la watu 4: fidla 2, viola 1 na selo 1. Joseph Haydn wa Austria, aliyefariki mwaka 1809, alitunga kazi zaidi ya 60 za kundi kama hilo. Hapana mtu wa kuwaongoza kwa kijiti. Kila mmoja ana sauti yake, naye hana budi kuwasikiliza wenzake. Mmoja akiharakisha, wote huharibikiwa.

Nasi Afrika Mashariki tunayo makundi madogo. Unguja kuna kidumbaki, ndugu mdogo wa taarabu. Fidla moja huchukua wimbo. Sanduku la mbao lenye fimbo na uzi mmoja hutoa sauti nene, mpigaji akiukaza na kuulegeza uzi kwa fimbo hiyo. Ngoma mbili ndogo hushika mwendo. Jirani zetu wa Burundi wanayo indingidi, fidla ya uzi mmoja.

Basi, sanduku la namna hiyo twaweza kulitengeneza wenyewe. Umeme ukikatika vipaza sauti hunyamaza, lakini nyuzi hazinyamazi.

Mimi namaliza masomo mwaka huu. Kwa ajili ya wadogo zetu, nawaomba wazazi mnaowajua wazee wawezao kuchonga au kupiga vyombo vya nyuzi, waleteni shuleni watufundishe, ujuzi wao usije ukazikwa pamoja nao. Walimu, twaomba saa moja kila juma. Wanafunzi tulete masikio na subira, kwani kidole kimoja hakivunji chawa.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne