Tarakilishi ya Linux ikikataa kuwaka, usikubali ifutwe upesi

MITUMBA si nguo na viatu pekee. Katika vibanda vya mafundi mjini Kitengela, na hata ukiifuata barabara ya Namanga hadi Kajiado, tarakilishi zilizokwisha kutumiwa ng'ambo ndizo kimbilio la mwanafunzi, mwalimu na mfanyabiashara asiyemudu mashine mpya.

Wamiliki wa mashine hizo sasa wana sababu ya kuigeukia Linux. Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ilikomesha masasisho ya kawaida ya bure kwa Windows 10, ilhali Windows 11 huzikataa mashine nyingi za zamani. Linux, ambayo kiini chake kilianzishwa na Linus Torvalds nchini Finland mwaka 1991, hupatikana bila ada, na aina zake kadhaa hufanya kazi vyema katika mashine kongwe.

Lakini hutokea asubuhi moja mashine ikagoma. Ushauri wa haraka huwa ni kufuta kila kitu na kuweka mfumo upya.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kuukubali ushauri huo, akapoteza hati za miaka miwili. Siku tatu baadaye mashine iligoma tena. Ndipo ilipobainika kwamba kosa lilikuwa kipande cha RAM kilicholegea; diski iliyofutwa haikuwa na ugonjwa wowote.

Funzo ni kwamba tarakilishi huwaka kwa hatua: vifaa hujikagua, kisha programu iitwayo GRUB huita mfumo, halafu kiini cha mfumo huamsha draiva, na mwisho hutokea ukurasa wa kuingilia. Kabla ya kutibu, tambua imekwama wapi.

Hatua ya kwanza: Vifaa

Iwapo hakuna taa inayowaka, jaribu soketi na chaja nyingine kwanza. Iwapo feni inazunguka lakini skrini ni nyeusi, au mashine inalia milio ya mfululizo, ishuku RAM. Zima, chomoa umeme, toa kipande hicho, safisha meno yake taratibu kwa kifutio cha penseli, kisha ukirudishe hadi kibane. Vumbi la Kitengela wakati wa kiangazi huziba feni pia, na joto likizidi mashine hujizima yenyewe.

Ukiona saa na tarehe zimerudi nyuma kila unapowasha, betri ndogo ya duara iliyo ndani imekwisha. Tarehe ikipotoka, tovuti nyingi za intaneti hukataa kufunguka. Si lazima kubadilisha mfumo, badilisha betri.

Hatua ya pili: GRUB na diski

Maneno "no bootable device" au "grub rescue" humaanisha kwamba mashine haioni diski, au haioni mahali pa kuanzia. Ingia katika mipangilio ya BIOS, aghalabu kwa kubonyeza F2 au Delete, utazame kama diski imeorodheshwa. Isipokuwepo, kagua inavyoshikiliwa. Huenda imekufa, na kuweka mfumo upya hakutaifufua.

Ikiwepo, washa mashine kwa flashi yenye Linux, nakili hati zako kwanza, ndipo uirekebishe GRUB.

Umeme unapokatika ghafla, mpangilio wa faili katika diski huweza kuvurugika. Mashine itakomea kwenye neno "initramfs". Andika exit ili ikutajie sehemu yenye hitilafu, kisha andika fsck na jina la sehemu hiyo, kwa mfano fsck /dev/sda2. Lakini diski ikitoa sauti ya kugonga-gonga, usiiguse kwa amri yoyote kabla ya kuokoa hati.

Hatua ya tatu: Kiini na draiva

Draiva ni programu inayoufundisha mfumo kuzungumza na kifaa fulani, kama vile skrini au Wi-Fi. Ikiwa matatizo yalianza baada ya kusasisha, bonyeza Esc au Shift mashine inapowaka, chagua "Advanced options", kisha ufungue kiini cha awali. Linux aina ya Ubuntu huhifadhi kiini cha zamani kwa ajili ya dharura kama hiyo.

Skrini ikibaki nyeusi, katika orodha ya GRUB bonyeza e, ongeza neno nomodeset mwishoni mwa mstari unaoanza na linux, kisha ubonyeze F10. Hiyo ni njia ya muda ya kukufikisha ndani ili uweke draiva ifaayo.

Kwa Wi-Fi isiyoonekana, amri lspci -k huonyesha kifaa kilichomo na draiva inayokitumikia. Iwapo Wi-Fi hiyo imeunganishwa kwa njia ya USB, tumia lsusb. Unganisha simu yako kwa waya wa USB, uwashe huduma ya kugawa intaneti, na katika Ubuntu uandike sudo ubuntu-drivers install. Baadhi ya vifaa, hasa vya Broadcom, huhitaji draiva ya ziada.

Kwa wote, kinga ni bora kuliko tiba: weka nakala ya hati zako nje ya mashine kila juma. Na ukilazimika kwenda kwa fundi, muulize swali moja kabla hujamkabidhi chochote: imekwama hatua gani? Asiyeweza kulijibu hajawa tayari kufuta diski yako.