MILIZAMU YA NYUMBA ZETU KABLA YA MASIKA



Mwenye shamba akiona tawi la mkarafuu limeinama mno, hulitia mwega kabla halijapasuka. Lakini mara nyingi twapita chini ya mlizamu wa nyumba zetu wenyewe, twaona umelegea katikati kama kamba ya kuanikia nguo, tukasema, "Utangoja." Haungoji. Mvua ya kwanza ya masika huja na hesabu yake, na hesabu hiyo hulipwa na ukuta, na tangi la maji, na magunia yaliyomo ghalani. Ndiyo maana tumeona yafaa katika karatasi hii tuzungumze habari ya milizamu, au gata kama waitavyo wengine: kwa nini hulegea, kwa nini huvuja, na namna ya kuitengeneza wakati huu wa kaskazi, maana jua lipo na bati ni kavu.

Jambo moja twataka mlishike kabla ya yote. Watu wengi wakiona maji yanadondoka hutafuta tundu, wakaliziba, wakashuka kwenye ngazi wakidhani kazi imekwisha. Masika yakiingia, mlizamu huvuja tena pale pale au hatua mbili mbele. Sababu ni kwamba, mara nyingi, tundu ni mtoto na kulegea ndiko mama. Mahali mlizamu ulipobonyea maji husimama. Maji yaliyosimama huozesha bati, na uzito wake huvuta viungo mpaka vikaachana. Ukiziba tundu bila ya kuinua mlizamu, umemfukuza mtoto na mama yake bado yumo nyumbani. Kwa hiyo mpango wa kazi ni huu: safisha kwanza, kisha nyosha, na kuziba kuwe mwisho.

HESABU YA MAJI

Tufanye hesabu kidogo, maana mkulima hupenda kujua kiasi cha mzigo kabla ya kuubeba. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba huleta lita moja ya maji. Chukua nyumba ya bati ambayo paa lake limefunika ardhi ya mita 10 kwa mita 8, yaani mita za mraba 80. Mvua ya milimita 30, ambayo si ngeni kwetu wakati wa masika, huliletea paa hilo lita 2,400. Hayo ni mapipa 12 ya lita 200, na kila upande wa paa hushusha mapipa 6.

Mlizamu ulio sawa huyachukua mapipa 6 hayo ukayapeleka tangini. Mlizamu uliolegea katikati huyakusanya kutoka pande zote mbili, ukayamwaga kwa sehemu kubwa mahali pamoja, chini ya ukuta mmoja. Hapo ni vibaya kuliko kutokuwa na mlizamu kabisa, maana bila ya mlizamu maji huenea urefu wote wa paa. Basi msistaajabu mkiona nyumba ina ufa upande mmoja tu. Tazameni juu ya ufa huo, na mara nyingi mtakuta mlizamu uliobonyea.

Ukuta wa udongo ukilowa chini hulainika na kubomoka. Ukuta wa mawe na chokaa hunywa maji polepole, chokaa ikawa unga, na ncha za boriti zilizozikwa ndani yake zikaoza bila ya mtu kuziona. Hata ukuta wa matofali ya saruji huchimbwa msingi wake. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo, na tone kwa tone huisha ukuta.

Nasi wakulima wa karafuu tuna hasara yetu ya zaidi. Karafuu kavu hunywa unyevu wa hewa na wa ukuta. Gunia lililoegemezwa kwenye ukuta wenye maji huingia ukungu, na karafuu zilizochumwa kwa taabu na kuanikwa siku nyingi kwenye majamvi hushuka daraja zikiwa ghalani, na mwenyewe hana habari.

KUSAFISHA NA KUPIMA

Toa majani, mchanga, na viota kwa mkono au kwa kipande cha ubao. Msitumie panga wala jembe, maana bati la milizamu limepakwa zinki ili lisipate kutu, na ukiichubua zinki hiyo umeifungulia kutu mlango. Wenye mikarafuu, miembe au mifenesi inayoinamia paa wapunguze matawi, la sivyo watasafisha kila wiki.

Kisha mimina ndoo ya maji upande wa juu, mbali na bomba la kushushia, uyatazame. Yakienda yote mpaka bombani bila ya kusimama, mlizamu wako umenyooka. Yakisimama, tia alama ya chaki mahali hapo, na kila panapodondoka tia alama nyingine. Maji yakifika bombani yasiteremke, bomba limeziba. Lizibueni kwa ufito mrefu kabla ya kuulaumu mlizamu.

Kuhusu ngazi, sisi tumezoea kupanda mikarafuu, lakini ngazi iliyoegemezwa ukutani haina matawi ya kushika. Iegemezeni hivi: ikipanda futi 4, mguu wake uwe umekaa futi 1 mbali na ukuta. Awepo mtu wa kuishika chini, na msiiegemeze kwenye mlizamu wenyewe. Tazameni pia nyaya za umeme zinazoingia nyumbani, msizikaribie kwa ngazi ya chuma wala kwa kipande kirefu cha bati.

KUNYOSHA ULIOLEGEA

Mlizamu wa nusu duara wenye upana wa inchi 4 ukijaa hubeba karibu kilo 4 za maji kwa kila mita. Mita 6 ni karibu kilo 24. Mzigo huo wategemea kulabu tu. Kulabu zikiwa mbali mbali, au zikiwa zimepigiliwa misumari mifupi katika ubao uliooza, hapana budi mlizamu utalegea.

Kwanza chunguza ubao wa ukingoni mwa paa. Uchome kwa bisibisi. Ikizama kwa urahisi, ubao umeoza. Kata sehemu mbovu utie mpya, maana kupigilia kulabu kwenye ubao mbovu ni kuufunga mnazi kwa uzi wa kushonea.

Pili, funga uzi kutoka mwisho wa juu mpaka penye bomba. Mteremko unaofaa ni inchi 1 kwa kila futi 8, ambao ni karibu sentimita 1 kwa kila mita. Nyumba ya futi 24 itakuwa na tofauti ya inchi 3 kutoka mwanzo mpaka mwisho. Msikisie kwa macho, maana macho hufuata mstari wa paa, na paa lenyewe huenda limepinda. Tumieni pimamaji, au mpira mwembamba unaoonyesha maji kama watumiavyo waashi.

Tatu, kaza kulabu kwa kufuata uzi. Weka moja kila futi 2, usizidishe futi 3, na uweke moja karibu na kila kiungo na kila mwisho. Tumia skrubu zilizopakwa zinki badala ya misumari, maana msumari hutoka kidogo kidogo kila mzigo unapokuja. Toboa tundu jipya kando ya lile la zamani lililopanuka, na ikiwezekana skrubu ifike kwenye ncha ya kenchi. Msifunge mlizamu wa bati kwa waya wa shaba, kwani shaba na zinki zikigusana katika maji, zinki huliwa upesi.

Nne, tazama ukingo. Bati la paa liingie juu ya mlizamu kama theluthi moja ya upana wake. Ukingo wa mbele uwe chini kidogo kuliko ule wa nyuma, ili siku mvua itakapozidi maji yafurike uani, yasifurike ukutani.

KUZIBA PANAPOVUJA

Sasa ndipo tufikie tundu. Subirini siku ya jua, mlizamu ukauke kabisa. Sugueni kutu kwa brashi ya waya au msasa mpaka bati jeupe lionekane, mpanguse vumbi.

Tundu dogo laweza kuzibwa kwa silikoni ya mabati peke yake. Tundu kubwa lahitaji kiraka: kata kipande cha bati kinachozidi tundu kwa inchi 2 kila upande, kipinde kifuate umbo la mlizamu, paka silikoni, kibandike kwa ndani, kisha ukitie ribiti. Kiacheni siku nzima kabla ya kumwaga maji.

Kiungo kilichoachana kifunguliwe chote. Kipande cha upande wa juu kilale ndani ya kile cha upande wa chini, kwa inchi 4, kama mabati ya paa yanavyolaliana. Mafundi wengine wakifanya haraka hugeuza, na hapo maji hupenya chini ya kiungo kila mvua inaponyesha, hata ukiongeza silikoni kiasi gani.

Bati likiwa limeliwa kutu urefu wake wote, msiharibu fedha kwa viraka. Bati lililooza halishiki ribiti. Nunueni jipya, na hapo pimeni upana: mlizamu wahitaji nafasi ya karibu sentimita 1 ya mraba kwa kila mita 1 ya mraba ya paa. Ule wa inchi 4 watosha kama mita 40, yaani upande mmoja wa nyumba tuliyoitaja, bila ya akiba. Ule wa inchi 5 watosha kama mita 60. Kwa mvua za visiwani tungewashauri mchukue wa inchi 5.

Wenye milizamu ya plastiki wakumbuke kwamba plastiki hurefuka kwa jua na kufupika kwa baridi. Vipande visibanwe vikagusana; viachiwe nafasi ndogo ndani ya kiungo. Ikivuja, mara nyingi kilichokufa ni mpira wa kiungo tu, nao hubadilishwa. Na mwenye mlizamu wa zamani wa saruji ya asbesto asiukate wala asiutoboe wala asiusugue, maana vumbi lake hudhuru mapafu. Huo ni wa kuondolewa na wanaojua kazi hiyo.

MAJI YA KUNYWA NA MBU

Wengi wetu twakinga maji ya mvua kwa kunywa na kupikia. Kama mlizamu wako hupeleka maji tangini, usiuzibe kwa lami, wala usilehemu kwa risasi, wala usiupake ndani rangi yenye risasi. Madini hayo ni sumu, na hudhuru watoto kuliko watu wazima. Ulizeni dukani silikoni inayofaa kwa maji ya kunywa. Mvua ya kwanza baada ya jua la siku nyingi iacheni ioshe paa na mlizamu, maji yake yaende kwenye migomba. Ya baadaye ndiyo ya tangi, na tangi lifunikwe kwa wavu.

Pia kuna mbu. Yule anayeeneza homa ya dengi, anayeuma mchana, hupenda vyombo vidogo vya maji vilivyo karibu na watu. Katika joto letu, yai laweza kuwa mbu kwa muda wa siku 7 mpaka 10, na mayai yake huweza kukaa makavu kwa miezi, yakingoja maji. Mlizamu uliobonyea ni kitalu chake, tena kitalu tusichokiona kwa kuwa kiko juu ya vichwa vyetu. Ukiunyosha umeondoa mbu na kutu pamoja.

MWISHO WA MAJI

Bomba la kushushia lisiishie mguuni mwa ukuta. Kama hakuna tangi, maji yaongozwe mita 1 na nusu au zaidi kutoka nyumbani, kwa mfereji uliojengwa mawe. Wenye nyumba za makuti hawana haja ya mlizamu, lakini mfereji huo wa pembezoni wanauhitaji kama wengine.

Baada ya hapo, kazi iliyobaki ni ndogo: kusafisha na kumwaga ndoo ya maji mara tatu kwa mwaka, kabla ya masika, baada ya masika, na kabla ya vuli. Mwanachama asiyeweza kupanda, mzee au mjane, asiachwe. Majirani wawili wenye ngazi moja wamalizie nyumba yake kwa asubuhi moja. Karafuu huja mwaka mmoja kwa wingi na mwaka mwingine kwa uchache, lakini nyumba twaihitaji miaka yote. Basi leo jioni, kabla jua halijatua, kila mmoja wetu asimame uani mwake, atazame ukingo wa paa lake kutoka ncha hii hadi ncha hii. Akiona umeinama katikati, ajue pa kuanzia.