Kutoa Kobalti katika Marudio ya Shaba

Mapango ya Amboni, yaliyo kilomita 8 hivi kaskazini ya mji wa Tanga, hayakuchimbwa kwa sururu. Maji ya mvua yapitapo hewani na udongoni huchukua gesi ya kaboni dayoksaidi na kuwa asidi dhaifu. Asidi hiyo iliyayeyusha mawe ya chokaa kidogo kidogo, kwa muda mrefu mno, hata yakatokea mapango. Uwezo huo wa asidi wa kutoa ndani ya jiwe kitu kilichofungwa humo hutumiwa pia na wanakemia kupata metali zilizobaki katika taka za shaba.

Mfano ulio wazi katika Afrika Mashariki ni wa Kilembe, magharibi ya Uganda, ambako shaba ilichimbwa kati ya mwaka 1956 na 1982. Mawe yalisagwa, sehemu yenye shaba ikatengwa na kupelekwa kwenye tanuru la Jinja. Marudio, yaani mchanga uliosalia baada ya shaba kutolewa, yalikuwa na pairiti, ambayo ni chuma kilichoungana na salfa. Ndani yake mlikuwa na kobalti, kiasi cha asilimia 1.4. Tani zipatazo milioni moja zilirundikwa karibu na mji wa Kasese.

Pairiti ikikutana na hewa na maji hufanya asidi ya salfuriki. Wako bakteria waishio katika asidi hiyo, ambao hujipatia nishati kutokana na chuma na salfa, na kwa hiyo huharakisha mmenyuko. Kila mvua iliponyesha, maji makali yenye metali yalitiririka kutoka kwenye rundo hadi katika Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, yakaua mimea na kuacha ardhi tupu.

Mwaka 1999 Kampuni ya Kobalti ya Kasese ilianza kuutumia mmenyuko uo huo kwa mpango. Marudio yalitiwa katika matangi makubwa pamoja na maji na bakteria, na hewa ikapulizwa humo. Kwa kuwa mmenyuko hutoa joto jingi, matangi yalipozwa yasizidi sana nyuzi 42 za Selsiasi, bakteria wasije wakafa. Pairiti ilipovunjika, kobalti iliyeyuka majini.

Chuma nacho kiliyeyuka. Ili kukiondoa, unga wa mawe ya chokaa ulitiwa. Ukapunguza ukali wa asidi, na chuma kikatuama kama tope. Baada ya metali nyingine kutengwa, umeme ulipitishwa katika maji hayo na kobalti ikaganda juu ya mabamba. Rundo lilikwisha mwaka 2013.

Kwa nini unga, wala si mabonge? Wanafunzi wa Tanga, wenye mawe ya chokaa tele, waweza kupima wenyewe maabarani, mwalimu akiwapo. Bonge likitiwa katika asidi ya salfuriki iliyozimuliwa, hutoa mapovu kwa muda mfupi, kisha hutulia, kwa sababu jasi hulifunika jiwe na kuizuia asidi. Unga wa uzito ule ule hutenda zaidi, kwani sehemu inayokutana na asidi ni kubwa.

Rundo la marudio yenye pairiti likiachwa wazi hutoa asidi bila kungoja kiwanda. Katika matangi ya Kasese asidi hiyo ilitoa kobalti. Nje, ilikausha malisho ya wanyama.