Vuli Yakaribia: Chungu, Bustani na Kiondo

Mwezi wa Septemba ni mwezi wa kujitayarisha. Mahindi ya masika yamekwisha vunwa, mbaazi zamalizia kukauka shambani, na mvua za vuli zatazamiwa kuanza mwezi wa Oktoba. Katika nchi ya Makueni, ambako watu walianza kupewa mashamba ya skimu katika miaka ya 1940 baada ya vichaka vya mbung'o kufyekwa, mvua hizi za vuli hutegemewa kuliko za masika. Mtu akikosa mavuno ya vuli, atanunua chakula mpaka mwaka ufuatao.

Neno hili "vuli" twalitumia pia kwa majira ya Ulaya na Marekani, kuanzia Septemba hata Novemba, wakati miti ya huko inapopukutisha majani. Watu wa huko wakati huo huvuna maboga, hupika vyakula vya moto kwa sababu baridi inaanza, na hutafuta zawadi za Krismasi. Hapo ndipo akina mama wanaouza vyondo kwa njia ya intaneti wanapoweza kupata wanunuzi wengi.

Basi tazameni shida iliyopo. Vuli yao na vuli yetu zafika pamoja. Mnunuzi ataka kiondo mwezi wa Oktoba na Novemba, na shamba lataka jembe miezi hiyo hiyo. Mama akiacha palizi ili amalize vyondo kumi, huenda akapata fedha mwezi wa Desemba na kuzimaliza zote kwa kununua mahindi mwezi wa Machi. Akiacha vyondo, karo ya Januari itamsumbua. Makala haya yaeleza namna ya kuzipanga kazi hizi ili moja isiiue nyingine.

GHALA KWANZA

Kabla ya kusema habari za kupika, yafaa tutazame mahindi yenyewe. Mwaka wa 2004 watu wa Makueni, Kitui na sehemu za jirani walikula mahindi yaliyoota ukungu baada ya kuwekwa yakiwa na unyevu. Wagonjwa 317 walihesabiwa, na 125 kati yao walikufa. Sumu ile huitwa aflatoksini. Haina ladha wala harufu ya kumwonya mlaji, na moto wa jikoni hauiondoi. Kwa hiyo asidhani mtu ya kwamba mahindi yenye ukungu yakioshwa, yakikobolewa na kuchemshwa sana yatakuwa salama. Wala kuku na ng'ombe wasipewe.

Mahindi ya kuweka ghalani yasizidi unyevu wa sehemu 13 na nusu katika mia. Asiye na kipimo aweza kutumia chupa na chumvi. Twaa chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia konzi ya mahindi na vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga, kisha utikise kwa dakika chache. Iache itulie. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi. Yarudishe juani juu ya turubai, si juu ya udongo. Chumvi isipogandamana, jua ya kuwa unyevu umeshuka chini ya sehemu 15 katika mia. Yaanike siku moja au mbili zaidi, kisha yaweke.

Mbaazi nazo adui yake ni bungo. Zikikauka vizuri, zitiwe katika mifuko ile ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, kila tabaka lifungwe peke yake, na mfuko uwekwe juu ya mbao mbali na ukuta. Bungo hufa kwa kukosa hewa, na dawa haihitajiki.

CHUNGU CHA MWEZI HUU

Chakula kinachofaa wakati huu ni muthokoi kwa mbaazi na malenge, kwa sababu vitu vyote vyapatikana nyumbani. Kwa watu sita, tayarisha hivi:

Muthokoi, vikombe 3.
Mbaazi kavu, kikombe 1 na nusu.
Malenge yaliyokatwa vipande, vikombe 2.
Kitunguu 1 kikubwa na nyanya 3.
Majani ya kunde yaliyokaushwa, konzi 2.
Mafuta vijiko 2, na chumvi kiasi.

Asiyejua kutengeneza muthokoi afanye hivi: nyunyizia mahindi maji kidogo, yatwange kinuni polepole mpaka maganda yatoke bila punje kuvunjika sana, kisha uyaanike kidogo na kuyapepeta.

Loweka muthokoi na mbaazi usiku kucha, kila kimoja katika chombo chake. Asubuhi mwaga maji yale, tia vyote katika sufuria kwa maji mapya, uchemshe mpaka viive. Katika sufuria nyingine kaanga kitunguu na nyanya, tia malenge na majani ya kunde, ongeza maji kidogo. Malenge yakilainika, changanya na muthokoi, tia chumvi, acha kwa dakika kumi, kisha upakue. Chumvi isitiwe mwanzoni. Mbaazi humpa mtoto nguvu za kujenga mwili, na malenge ya rangi ya manjano humsaidia macho.

Wako wasemao ya kuwa chakula hiki chala kuni nyingi na saa nyingi. Ni kweli, kama kitakaa motoni tangu mwanzo hata mwisho. Lakini yule ajuaye kusuka anaweza kujifanyia kikapu cha kupikia. Twaa kikapu kipana chenye mfuniko, kizungushie ndani matambara makavu au nyasi kavu zilizoshonewa katika kitambaa, unene wa kiganja kizima, chini na pembeni, na ushone mto wa kufunika juu. Chakula kilicholowekwa kichemshwe kwa nguvu kwa muda wa dakika 40, sufuria ikiwa imefunikwa. Kisha itie kikapuni upesi pamoja na mfuniko wake, weka mto juu, usiifunue kwa muda wa saa nne. Joto lililomo litaendelea kupika. Mwisho irudishe motoni ichemke tena kabla ya kula. Saa hizo nne mama hafukuzani na moshi. Aweza kuwa bustanini au kusuka.

BUSTANI KARIBU NA JIKO

Bustani ya mboga isingojee mvua ndipo ichimbwe. Katika Septemba ardhi ni ngumu, lakini siku zipo. Chimba matuta yaliyozama chini kidogo, ili maji yabaki humo badala ya kutoroka. Tia samadi iliyooza, ndoo moja kwa kila hatua moja ya tuta, uichanganye na udongo wa juu.

Pale penye maji machache, tengeneza bustani ya gunia. Twaa gunia na debe lisilo na kitako. Simamisha debe katikati ya gunia, lijaze mawe madogo, na kando yake ujaze udongo uliochanganywa na samadi. Livute debe juu, mawe yabaki, ujaze tena. Fanya hivyo mpaka gunia lijae. Maji yakimwagwa juu ya mawe huteremka hata chini na kuenea pande zote. Toboa matundu ubavuni, panda sukuma wiki humo, na vitunguu juu. Maji ya kuoshea mboga na ya kusuuza vyombo yatosha kulitunza gunia moja, ikiwa hayana sabuni nyingi.

Mvua ikianza, panda kunde, terere na managu. Majani ya kunde na terere huwa tayari kuchumwa baada ya wiki tatu au nne, kabla ya kitu kingine chochote cha shamba. Panda malenge karibu na shimo la taka, ambako udongo una rutuba. Majani yakizidi mahitaji ya nyumba mwezi wa Desemba, yatie katika maji yanayochemka kwa dakika mbili au tatu, yachuje, kisha yakaushe kivulini mahali penye upepo. Jua kali huharibu rangi na nguvu ya mboga. Hayo ndiyo majani ya chungu cha Septemba ijayo.

KIONDO NA DUKA LA SIMU

Wakamba hukiita kyondo, na kazi yake inajulikana. Mkonge hukwanguliwa, nyuzi huoshwa na kuanikwa, husokotwa juu ya paja, hutiwa rangi, na ususi huanzia kitakoni. Katika miaka ya 1970 na 1980 vyondo vyetu viliuzwa sana ng'ambo. Baadaye vikapu vya kuiga vikatokea, na bei ikashuka. Tangu hapo wasusi wengi wamekuwa wakimwuzia mchuuzi mlangoni kwa bei aitakayo yeye.

Simu yenye intaneti imemwezesha msusi kumfikia mnunuzi mwenyewe, na tangu M-PESA ilipoanza mwaka wa 2007, fedha za mnunuzi wa Nairobi hufika Makueni kabla kiondo hakijapanda gari. Lakini duka la simu ni duka, nalo lina sheria zake.

1. Piga picha asubuhi, kivulini, kiondo kikiwa juu ya kitambaa cha rangi moja. Piga ya mbele, ya kitako na ya ndani. Usiweke picha ya kiondo cha mtu mwingine.

2. Andika urefu na upana kwa sentimeta, aina ya uzi, na siku utakazohitaji kukimaliza. Ukihitaji siku kumi na nne, usiandike saba.

3. Ujumbe wa kulipwa si fedha. Wako wadanganyifu waandikao ujumbe mfano wa ule wa M-PESA. Tazama salio lako kwanza, ndipo utume mzigo. Nambari yako ya siri usimpe mtu yeyote, hata akisema yeye ni wa kampuni.

4. Mzigo uandikishwe, na risiti itunzwe. Kwa mnunuzi wa ng'ambo, pima uzito na uulize Posta gharama kabla ya kutaja bei. Mwambie pia mapema ya kwamba ushuru wa forodha wa kwao, kama upo, ni juu yake.

5. Kikundi kikiuza pamoja, fedha zisiingie katika laini ya mtu mmoja. Kiwe na akaunti ya kikundi, yenye watia sahihi zaidi ya mmoja. Vikundi vingi vimevunjika kwa neno hili tu.

HESABU YA BEI

Mali bila daftari huisha bila habari. Tufanye hesabu moja ya mfano. Kila mtu atie bei za kwao.

Uzi wa mkonge Sh. 250, rangi Sh. 60, mikanda ya ngozi Sh. 350, intaneti Sh. 40. Jumla ni Sh. 700. Tuseme ususi umechukua saa 30. Mchuuzi akitoa Sh. 900, mama amebakiwa na Sh. 200, yaani hata shilingi saba kwa saa hazifiki. Akijiwekea Sh. 50 kwa saa, kazi yake ni Sh. 1,500, na bei ya kiondo ni Sh. 2,200 mbali na gharama ya kukisafirisha. Asiyeandika saa zake hawezi kujua kama anafanya biashara au anagawa mkonge bure.

Daftari hilo hilo laonyesha jambo la pili. Kama kiondo kimoja chataka saa 30, na mama ana saa tatu tu kwa siku, basi kwa mwezi hawezi kupita vyondo vitatu. Akipokea maombi ya vyondo kumi mwezi wa Oktoba, ameahidi kitu asichokuwa nacho. Saa hizo atazitoa wapi, ila katika palizi na jikoni?

MPANGO WA MIEZI

Julai na Agosti: kausha mahindi, kisha suka vyondo vya kuweka akiba.
Septemba: endelea kusuka, lima matuta, shona kikapu cha kupikia, piga picha za vyondo vilivyo tayari.
Oktoba: uza vile vilivyo tayari tu. Panda mara mvua inyeshapo.
Novemba: palizi ya kwanza na ya pili. Kiondo ni kazi ya jioni. Ombi jipya lijibiwe ya kwamba litatimizwa Januari.
Desemba: kausha mboga, funga hesabu, tenga karo kabla ya sikukuu.

Mnunuzi mwema hakasiriki akiambiwa angoje. Hukasirika akiahidiwa na kudanganywa.

NENO KWA AKINA BABA

Katika mpango huu mwapaswa kuwa na sehemu yenu. Kuchimba matuta, kukata mkonge, kuteka maji na kupeleka mzigo stendi si kazi za mama peke yake. Tena fedha za kiondo zina mwenyewe. Zikichukuliwa bila kuulizwa, ususi utakoma, na karo itawarudieni ninyi. Kaeni pamoja usiku mmoja mwezi huu, baba, mama na mtoto ajuaye hesabu, mwandike saa, gharama na ahadi za miezi mitatu ijayo.

Anayetaka kuonyeshwa bustani ya gunia au kupimiwa unyevu wa mahindi amwone Bwana Shamba au Bibi Shamba wa mtaa wake kabla ya mvua. Aje na konzi mbili za mahindi katika mfuko mkavu.