Nasaba ya Furu wa Ziwa Victoria

Kwa wakazi wa Gongo la Mboto, viungani mwa Dar es Salaam, sato ni samaki wa sokoni aliyezoeleka. Anao jamaa zake wadogo katika Ziwa Victoria wasiojulikana sana pwani, nao ni furu. Spishi zao hukadiriwa kufika 500. Wapo walao konokono, wapo wakwanguao mwani miambani, na wapo wawindao samaki wenzao. Kila kundi lina taya na meno yalinganayo na chakula chake.

Je, samaki wa maumbo tofauti namna hii wana asili moja? Meno pekee hayatoshi kujibu, kwa kuwa ulaji wa namna moja huweza kuleta taya za namna moja hata kwa wasio na udugu. Jibu lilitafutwa katika mitokondria, yaani sehemu ndogo za seli zizalishazo nishati. Mitokondria ina DNA yake yenyewe, mbali na ile ya kiini. Kwa samaki hawa ina jozi za besi zipatazo 16,500, nayo kwa kawaida hurithiwa kwa mama tu. Kadiri vizazi vinavyopita, ndivyo mabadiliko madogo yanavyolimbikizana ndani yake. Hivyo spishi zenye tofauti chache zilitengana karibuni, na zenye tofauti nyingi zilitengana zamani.

Mwaka 1990 Axel Meyer, Thomas Kocher, Pereti Basasibwaki na Allan Wilson walilinganisha hadi jozi 803 kutoka spishi 14 za ziwa hilo na spishi nyingine 23 za Afrika. Furu walionekana kuwa ukoo mmoja, wenye udugu wa karibu zaidi na samaki wa Ziwa Nyasa kuliko wa Ziwa Tanganyika. Tofauti baina yao zilikuwa ndogo kuliko zilizomo miongoni mwa wanadamu.

Hata hivyo, urithi wa mama ni sehemu tu ya habari. Uchunguzi wa DNA ya kiini uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kuwa koo mbili za kale, moja ya Naili ya Juu na nyingine ya Kongo, zilichanganyika na kuwapa wazao wao akiba kubwa ya jeni. Ziwa lilipojaa tena baada ya kukauka, miaka ipatayo 15,000 iliyopita, akiba hiyo ilisaidia spishi mpya kuchipuka upesi.

Zilitoweka upesi zaidi. Sangara alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 spishi nyingi za furu hazikuonekana tena. Nasaba isomwayo leo kwa sehemu kubwa ni ya waliosalia.