Yesu wa Murang'a

Ukiingia Kanisa Kuu la Mtakatifu James, mjini Murang'a, macho yanavutwa na ukuta. Hapo kuna michoro mitano mikubwa: kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane na kusulubiwa. Bethlehemu imehamia Ugikuyuni. Yesu ni Mwafrika, na nyuma yake ni vilima na miti ya nchi iliyo nje ya mlango huohuo.

Aliyeichora ni Elimo Njau, Mchaga aliyezaliwa Marangu mwaka 1932 na kusomea sanaa Makerere. Aliikamilisha mwaka 1959, hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni ya Kenya mwaka 1952 ikiwa bado haijaondolewa.

Kanisa lenyewe lilijengwa kuwakumbuka Wakristo Wakikuyu waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau, uasi dhidi ya utawala huo wa kikoloni.

Hapo ndipo penye ugumu. Wengine wa eneo hilohilo walipoteza ndugu zao msituni na kizuizini, ndugu waliopigania ardhi upande wa Mau Mau. Njau hakuchora bunduki wala askari. Alichora mateso ya mtu mmoja katika mandhari ambayo kila upande uliijua kuwa kwao. Baadaye, mwaka 1965, alishiriki kuanzisha Paa ya Paa jijini Nairobi, kituo kilichowapa wachoraji Waafrika mahali pa kuonyesha kazi zao.