Mchuma Usiopiga Kelele Waitikisa Ipogolo

Msomaji wangu, ukitaka kuona gari jipya kabla vibopa wa Iringa mjini hawajalinunua, usipoteze nauli kwenda Dar. Njoo ukae Ipogolo. Hapa zinapita IT, yale magari yaliyoshushwa bandarini na kuendeshwa hadi mpakani, Tunduma au Kasumulu, yakienda zake Zambia, Kongo na Malawi. Dereva akisimama kunywa chai, sisi vijana tunauzunguka mchuma kama bibi harusi. Wa wenyewe huo, sisi ni macho tu.

Siku hizi macho yanatutoka kwa Toyota Yaris Cross. Kagari kenyewe kadogo, urefu wake mita 4 na sentimita 18, lakini kameinuka juu kama jipu iliyofupishwa. Wajapani walianza kukauza kwao Agosti 2020. Zipo za petroli tupu na zipo za haibridi, yaani injini ya petroli ya cc 1490 na mota ya umeme ndani ya gari moja. Mtu asikudanganye kwamba utalichomeka ukutani kama simu. Hili hujichaji lenyewe.

Ya kwanza kuiona mimi ilinijia kwa nyuma kimya kimya kama paka. Dereva akacheka: "Dogo, hii ngoma haingurumi, linda miguu yako!" Kumbe mwendo ukiwa mdogo injini huweza kuzima na mota ikalisukuma peke yake.

Sasa fikiria ule mlima wa kutoka hapa kupanda mjini. Kupanda, mota inaisaidia injini. Kushuka ndiko kwenye utamu: magurudumu yanaizungusha mota, nayo inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Ule mteremko ambao wengine wanaumaliza kwa kuunguza breki, mwenye haibridi anauvuna. Kwa vipimo vya Kijapani, haibridi ya magurudumu mawili ya kusukuma inakwenda kilomita 30.8 kwa lita moja, na ya petroli tupu kilomita 20.2. Kwa kilomita 100, ni lita 3 na robo dhidi ya 5. Barabara zetu si za maabara, kwa hiyo punguza. Na kama safari zako ni Mafinga na Makambako, mwendo mmoja mguu chini, injini inafanya kazi karibu muda wote na faida inapungua. Haibridi linampenda mtu wa simama-ondoka.

Yote haya nisingeyachimba kama si mjomba wangu. Amestaafu, ana kiwanja upande wa barabara ya Kilolo, na ameshapata mnunuzi. Anataka akiuze, anunue haibridi. "Mpwa wangu," ananiambia, "EWURA wanatangaza bei ya mafuta kila mwezi, mimi nimechoka kusikiliza redio kwa hofu."

Nikaenda kwa fundi wetu, yule wa chini ya mti. Jamaa IST anaifungua amefumba macho. Akaniambia: "Injini nitakufungulia hata usiku kwa tochi. Lakini zile nyaya za rangi ya chungwa sizigusi, nina watoto." Ana haki. Rangi ya chungwa ni alama ya umeme mkubwa, zaidi ya volti 100, siyo zile 12 tulizozoea kubana na koleo. Kulifungua kunataka mtu aliyefunzwa, glavu za umeme na kompyuta ya kupimia.

Halafu kuna vumbi. Betri kubwa ya Yaris Cross imekaa chini ya siti ya nyuma, na inapoozwa kwa hewa inayovutwa kutoka humo humo ndani, kupitia tundu lililo jirani na siti. Tundu likizibwa, betri inachemka na maisha yake yanafupika. Mjomba nyuma hapakii watu, anapakia magunia ya mahindi. Nilipomweleza, akanyamaza kidogo, akauliza kama gunia moja lina neno.

Dalali naye hakulala. Akamletea habari za Honda Vezel haibridi ya 2014, eti bei poa. Mjomba akawaka taa. Nikamwambia ngoja: mwaka huo huo wa 2014 Honda wenyewe waliziita Vezel haibridi zirudi kwa matatizo ya giaboksi ya klachi mbili, kwa hiyo uliza kwanza kama hiyo ilirekebishwa. Isitoshe, gari lililopita miaka 8 linapoingia nchini hupigwa ushuru wa uchakavu, na likizidi 10 unapanda zaidi. Yaris Cross bado haijafikia huko, ndiyo maana bei yake inauma.

Mimi kura yangu, kwa mtu wa magunia na barabara ya vumbi, ni Yaris Cross ya petroli tupu, na si kwa pesa ya kiwanja. Mjomba anasema nina wivu. Mpaka naandika haya mkaza mjomba ameshaificha hati, na mzee anaitafuta hadi kwenye debe la unga.